Namna ya kuunganisha sola za nyumba nyingi bila umeme kuanza kuyumba

Bandugu, huku kwetu Kadutu, mjini Bukavu, tuliunganisha sola za nyumba nne kwa laini moja, kila moja peke yake ilikuwa inatembea vizuri kabisa, lakini usiku wa kwanza tu taa zikaanza kupumua, zinawaka sana, zinafifia, mpaka inveta zote (vile vyombo vinavyogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) zikakata. Kwa hiyo mbele ya kugusa waya, shika kalamu.

Kwanza angalia kama inveta yako ilitengenezwa kufanya kazi sambamba na zingine. Nyingi za bei ya chini haziko hivyo, ukiziunganisha zinaweza kuungua, usijaribu, na kazi ya waya mwachie fundi umeme.

Halafu ipe kila inveta mteremko, yaani ikibeba mzigo inashusha kidogo frikwensi, ile idadi ya mara umeme unakwenda na kurudi kwa sekunde (Hz). Kwenye 50 Hz mteremko wa 2% maana yake inveta ikijaa inafika 49 Hz. Chukua ya kilowati 3 na ya kilowati 5, weka mzigo wa kilowati 4: zote zinatulia kwa 49.5, moja inabeba 1.5 ingine 2.5, bila intaneti, bila mkubwa wa kuamrisha, mimi hapo ndiyo ninapapenda sana. Mteremko ukizidi zinaanza kuyumba, ukipungua sana zinagawana vibaya juu saa za ndani hazilingani.

Sasa chora jedwali. Volteji ya nyumba A ikitikisika kwa 1, ya B inatikisika kiasi gani? Tuseme 0.5, na kutoka B kurudi A ni 1.5: zidisha, 0.75, iko chini ya 1, tikiso linakufa lenyewe. Ingekuwa 1.2 na 0.9 unapata 1.08, hapo tikiso linaweza kurudi kubwa kuliko lilivyoenda, tena na tena. Hesabu hii mhandisi George Zames aliiandika 1966. Nyumba zikiwa nyingi jumlisha namba za kila mstari wa jedwali, jumla ya kila mstari ikiwa chini ya 1 uko salama. Mstari mmoja ukipita si lazima mtandao uanguke, kipimo hiki ni kikali, ila mimi nisingelala.

Na usipime saa moja tu! Chaja na televisheni zina tabia mbaya: chombo cha wati 100 kinavuta ampea 0.43 kwenye volti 230, volteji ikishuka 200 kinavuta 0.5, yaani umeme unachoka na chenyewe ndiyo kinazidi kuukamua. Pima mchana betri zikiwa zimejaa, pima saa mbili usiku watu wote wakiwa nyumbani, kwenye jedwali andika namba kubwa kuliko zote.

Mstari ukipita 1 usikimbilie kununua inveta kubwa, angalia kwanza mwendo wa vidhibiti vyako. Kwetu kidhibiti cha kurudisha frikwensi kwenye 50 kilikuwa na haraka sawa na ule mteremko wa kugawana mzigo, vinasukumana. Tulikipunguza mwendo mara 10 hivi, taa zikatulia usiku uleule.

Kisha washa nyumba moja moja, kila moja na dijonkteri yake (swichi inayokata umeme yenyewe). Ukiongeza nyumba, chomeka pasi, ichomoe, tazama frikwensi: ikiyumba mara mbili tatu ikatulia, endelea na ingine; ikizidi kupanda na kushuka, kata ile ya mwisho urudi kwenye jedwali.