Kikantoni cha mezani, sokoni na ndani ya basi dogo

Miezi ya mwanzo, herufi za Kichina ziache zisubiri. Kikantoni kinachosemwa Hong Kong na katika mitaa ya zamani ya Guangzhou, kusini mwa China, huingia kwa sikio, na kinachomwangusha mgeni ni toni zake sita, yaani viwango vya sauti vinavyobadilisha maana ya neno. Zote zimo katika namba 394052. Isome kwa Jyutping, mfumo wa herufi za Kirumi uliotolewa Hong Kong mwaka 1993: saam1, gau2, sei3, ling4, ng5, ji6. Tarakimu iliyo mwishoni mwa silabi ndiyo toni yake. Saam hukaa juu bila kuyumba. Gau hupanda mpaka juu. Sei hukaa katikati, ling hushuka hadi chini kabisa, ng hupanda kidogo kutoka chini, na ji hutulia chini, juu kidogo ya ling. Ighani hadi ikae kichwani, kisha kila neno jipya lilinganishe nayo: caa4, yaani chai, hufuata sauti ya ling4.

Msemaji wa Kiswahili huanza na mtaji. M ya m4 goi1 (tafadhali, au asante) ni ile ya "mtu", na ng ya ngo5 (mimi) ni ile ya "ng'ombe". Wazungu hutaabika hapo. Tatizo letu liko mwishoni mwa silabi. Sap6 (kumi) huishia midomo ikiwa imefungwa, pumzi haitoki. Ukisema "sapu", umeongeza silabi na muuzaji atakukodolea macho. Kumbuka pia kuwa j ya Jyutping ni y ya "yai".

Darasa bora ni caa4 caan1 teng1, migahawa ya bei nafuu ya Hong Kong. Agiza: "Dung3 naai5 caa4, siu2 tim4, m4 goi1", chai ya maziwa ya baridi, sukari kidogo, tafadhali. Kesho badilisha neno moja tu: jit6 badala ya dung3 ukitaka ya moto, au siu2 bing1 ukitaka barafu kidogo. Kubadilisha kimoja kimoja hukuonyesha neno lipi halikueleweka. Huduma hushukuriwa kwa m4 goi1. Zawadi, au mlo uliolipiwa na mwenzio, kwa do1 ze6. Bili ni maai4 daan1.

Sokoni uliza "Gei2 cin2 gan1 aa3?", yaani kilo yao, gan1, ni bei gani. Hong Kong gan1 ni takriban gramu 605. Guangzhou ni 500. Dola mbili husemwa loeng5 man1, si ji6 man1, na tatu na nusu ni saam1 go3 bun3. Hapa ndipo penye mtego mkubwa: sisi huuliza kwa kupandisha sauti mwishoni, na kwa Kikantoni kupandisha huko hubadilisha neno. Maai6 ni kuuza, maai5 ni kununua. Acha toni ilivyo, swali libebwe na muundo: "Maai6 m4 maai6 aa3?", yaani unauza au huuzi? Guangzhou, wauzaji wengi wametoka mikoa mingine na watakujibu Kimandarini, Kichina rasmi cha taifa, kwa hiyo nenda kwenye nyumba za chai za asubuhi za wilaya ya Liwan, wanakokaa wazee.

Kwenye basi dogo jekundu la Hong Kong, anayetaka kushuka hupaza sauti: "Cin4 min6 jau5 lok6, m4 goi1!", yaani kuna anayeshuka hapo mbele, tafadhali. Ukinong'ona, utapitishwa kituo. Dereva akiinua mkono, amekusikia.

Nyumbani, tafuta seti ya mahjong, mchezo wa vigae wa Kichina. Kanuni za mchezo si lazima. Chukua vigae 108 vya namba, vifudikize, kila mmoja afunue kimoja na kukitaja haraka: saam1 maan6, ng5 tung4, cat1 sok3, yaani namba kisha kundi la kigae. Anayekosea toni hurudisha kigae. Jat1 sok3 (moja ya sok3) huchorwa ndege, kwa hiyo wageni hukikosa.

Nyimbo ni nzuri kwa matamshi, kwa kuwa watunzi huoanisha muziki na toni. Ila maneno yake kwa kawaida ni ya Kichina cha maandishi, sawa na manukuu ya filamu nyingi: mwigizaji anasema keoi5 (yeye), chini pameandikwa neno lisomwalo taa1. Ukiagiza chai kwa lugha ya nyimbo utaeleweka, lakini watacheka.