Kufungua darasa la kisomo mwaloni: mwongozo kwa mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata

Mwenzangu mmoja, Afisa Elimu Kata mgeni, amepangiwa kata ya visiwani upande wa Buchosa, Ziwa Victoria. Swali lake la kwanza halikuwa la madawati wala matundu ya vyoo. Aliniuliza, "Mwalimu, watu wazima wa huku wanasoma saa ngapi?" Nimekuwa nikimjibu vipande vipande kwenye simu. Hapa nayaweka yote pamoja, kwa ajili yake na kwa mwalimu mkuu yeyote ambaye shule yake iko jirani na mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, iwe Igombe, Kayenze au Ukara.

Barua kwa Afisa Elimu Watu Wazima wa halmashauri, kikao cha Kamati ya Shule, muhuri wa mtendaji: hayo unayajua, siyaelezi.

Hatua ya 1: Shuka mwaloni kabla ya kuitisha mkutano

Nenda asubuhi mitumbwi inapotia nanga. Usiende na rejesta mkononi, watadhani unasaka watoro. Onana na mwenyekiti wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni), onana na matajiri wenye mitumbwi, kisha mtafute yule mama ambaye wenzake kwenye chanja za kuanikia dagaa humsikiliza. Huyo wa mwisho ndiye atakayekujazia darasa. Mwenyekiti atakupa kibali na hotuba. Mama atakupa watu.

Matajiri wana hofu moja ambayo hawatakwambia: mvuvi akijua hesabu ataanza kuuliza mgawo wa mauzo. Usizunguke. Mwambie tajiri kwamba mvuvi anayejua kusoma ndiye ambaye yeye tajiri ataweza kumkabidhi daftari la mafuta na kwenda zake mjini Kirumba bila wasiwasi. Wengi huelewa. Asiyeelewa mwache, vibarua wake watakuja hivyohivyo.

Hatua ya 2: Tenganisha watu kwa umri

Siku ya kuandikisha watakuja wote, bibi na mjukuu. Usiwaweke chumba kimoja. Baba hawezi kukosea herufi mbele ya mtoto wa jirani yake na kesho arudi.

Watu wazima waende MUKEJA, mpango wa elimu ya watu wazima unaofuata mahitaji ya jamii, ulioanza kwa majaribio mwaka 1993. Watoto na vijana walioikosa shule waende MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa: kundi la kwanza miaka 11 hadi 13, la pili 14 hadi 18. Mtoto wa miaka 8 au 9 usimwandikishe popote huko, huyo nafasi yake ni darasani kwako asubuhi na wenzake, hata kama hajawahi kukanyaga shule.

Halafu kuna binti aliyekatiza masomo kwa ujauzito. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unamruhusu arudi kwenye mfumo rasmi. Mwaloni wazazi wengi bado wanaamini mlango ulifungwa. Mfuate mama yake nyumbani umweleze wewe mwenyewe, usimwachie mjumbe. Na usimsukumie binti huyo kwenye kisomo cha watu wazima kwa kuwa tu ana mtoto mgongoni.

Hatua ya 3: Mwezeshaji

Chukua kijana wa hapohapo aliyemaliza sekondari, hasa aliyewahi kuwa karani wa kuandika ndoo za dagaa. Mwalimu wako wa darasa la tano amechoka ikifika jioni na sauti yake ni ya kuamrisha. Jambo moja la kumfundisha kijana kabla ya yote: haiti majina kama rejesta. Ni Mama Neema, ni mzee Fulani, ni kaka. Shikamoo kwanza, ubao baadaye.

Posho ikubaliwe mbele ya watu, hata ikiwa ni kitoweo.

Hatua ya 4: Ratiba

Hapa ndipo madarasa mengi ya mwaloni hufia, na kila mara wanaolaumiwa ni wavuvi. "Hawana mwamko." Nilipokea darasa moja lililoandikwa ukutani "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 10 jioni". Kwenye daftari la mahudhurio lilijaa wiki moja, likakauka wiki mbili, likajaa tena. Aliyenitangulia alikuwa ameandika pembeni: uvivu. Ukiliweka daftari hilo kando ya mwezi wa angani, uvivu wote unaisha.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwaka, taa hazivuti kitu, na mitumbwi ya dagaa hulala ufukweni. Kwa hiyo mwaloni hakuna Jumatatu wala Ijumaa. Kuna giza na kuna mbalamwezi.

Kifaa bora cha kupangia ratiba ni kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa msikitini na dukani. Programu za simu zipo, ila simu huzima na kalenda haizimi. Tarehe 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu ndizo mwezi mpevu. Zungushia siku nne kabla na siku nne au tano baada: hizo ndizo siku zako za kufundisha wavuvi mambo mapya. Anza saa 12 na nusu jioni, maliza saa 2 usiku, siku nne kwa wiki. Siku ya Simba na Yanga funga darasa kwa heshima, maana utajifundisha mwenyewe.

Wakati wa giza mvuvi anarudi asubuhi, anauza, analala, na ikikaribia saa 11 jioni anaondoka tena. Kipo kipenyo cha saa moja hivi, saa 9 hadi saa 10 alasiri, wakiwa wanashona nyavu. Kitumie kurudia tu. Ukileta herufi mpya kwa mtu aliyekesha ziwani, ataiona lakini hataishika.

Wanawake ni kinyume kabisa, na hapa ndipo ratiba moja kwa wote inapovunjika. Giza ndiyo kazi yao: dagaa wanafika asubuhi, wanaanikwa, wanageuzwa, wanaanuliwa jioni. Darasa lao liwe mchana, kati ya kugeuza na kuanua, na liwe mahali ambapo kila mmoja anawaona dagaa wake kwa macho. Wingu jeusi likitokea watainuka wote kwa pamoja, hata katikati ya sentensi. Usiwazuie. Shika beseni uwasaidie kuanua, kisha endeleeni.

Tahadhari sasa, maana kila mwalo una mambo yake:

Uliza kwanza wanavua nini. Wa sangara hawafuati mwezi kama wa dagaa. Hao hutega jioni na kupandua alfajiri, giza au mwanga. Mwalo wenye wote wawili unahitaji makundi mawili.

Mbalamwezi ndiyo pia siku wavuvi wa mbali wanakwenda nyumbani kuona familia. Waulize wanaondoka siku ya ngapi, usikisie.

Wasabato ni wengi ukanda huu wa ziwa. Ijumaa jua likizama Sabato imeingia, hawaji. Gulio nalo lina siku yake.

Masika dagaa hawakauki vizuri na hasira ziko juu. Punguza vipindi.

Ratiba ikishakamilika, usiibandike ukutani. Wengi wao bado hawasomi! Mpe mpiga kipaza sauti cha BMU aitangaze asubuhi pamoja na bei ya dagaa, na watumie wenye simu ujumbe wa sauti.

Hatua ya 5: Vifaa na masomo ya mwanzo

Ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeusi, chaki, penseli (peni baadaye, mkono uliozoea kasia huchana karatasi), daftari kubwa, taa ya sola. Jenereta hapana: kelele, na ugomvi wa nani anunue mafuta. Projekta ukipewa msaada, ipeleke sekondari. Mabenchi yawe ya watu wazima, si madawati ya darasa la kwanza yanayogonga magoti kidevuni.

Na miwani. Ukivuka miaka 40 hivi, maandishi ya karibu huanza kufifia. Kabla hujasema mama fulani ni mzito wa kuelewa, mwangalie anavyosogeza daftari mbali na uso. Miwani ya kusomea imemaliza "uzito" wa watu wengi kuliko mbinu yoyote ya kufundishia niijuayo.

Somo lenyewe litoke kwenye kazi yao. Hili Mwanza si geni. Mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO kuanzia mwaka 1968, makao yake yalikuwa hapahapa Mwanza, na vitabu vyake viliandikwa juu ya pamba, uvuvi, ndizi na ng'ombe. Ukerewe ikawa mwaka 1971 miongoni mwa wilaya za kwanza kupewa kazi ya kufuta ujinga wa kusoma. Wazee waliosoma enzi hizo bado wapo visiwani. Mwalike mmoja aje siku ya kwanza, atakusaidia kuliko mgeni rasmi.

Mimi huanza kusoma kwa meseji za simu. Andika ubaoni ule ujumbe wa matapeli ambao kila Mtanzania amewahi kuupata: "Ile hela itume kwenye namba hii." Watacheka, kisha atatokea mmoja asiyecheka. Kata maneno, wayatambue moja moja: ile, hela, namba. Kisha weka ujumbe halisi wa kupokea pesa, waoneshe jina la mtumaji linakaa wapi na salio linakaa wapi. Ndani ya kipindi hicho mtu anaanza kufungua simu yake mwenyewe badala ya kumpa mtoto amsomee.

Hesabu ianze na mgawo: mauzo ya usiku mmoja, toa mafuta, toa chakula, kinachobaki kigawanywe kati ya tajiri na wavuvi kwa desturi ya mwalo huo. Tumia tarakimu za kubuni. Ukitumia za mtumbwi wa kweli, umeanzisha kesi.

Hatua ya 6: Rudi kwenye rejesta ya watoto

Kalenda uliyopanga ina kazi nyingine. Chukua rejesta ya darasa la tano, ipitie siku kwa siku ukiwa na kalenda hiyo mkononi. Kwenye shule za karibu na mwalo, asubuhi za giza ndizo zenye alama nyingi za kutokuwepo: wavulana wanavuta nyavu na kuokota dagaa, wasichana wako chanjani. Peleka ushahidi huo kwa BMU, si polisi. Wenye kuweza kumwondoa mtoto mwaloni saa 1 asubuhi ni wao, na wakishakaa kwenye darasa lako la jioni hawakuonei aibu. Uji wa shule nao uombee hapo: michango ya wazazi kwa makubaliano, na mwaloni wengine huona wepesi kutoa dagaa kuliko fedha.

Hatua ya 7: Wanaohama

Dagaa wakisogea, kambi inasogea, na mwanafunzi wako anaondoka usiku bila kuaga. Mpe kila mmoja kadi ya karatasi ngumu mapema, kabla hujasikia habari za safari. Iandikwe jina, kitabu, ukurasa alipofikia, na namba ya simu ya mwezeshaji. Iwekwe kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu itapanda mtumbwi. Kisha pata namba za Maafisa Elimu Kata wa visiwa vya jirani uwape taarifa, na uwaombe kitu kimoja tu: akija mwenye kadi, asianzishwe tena kwenye "a, e, i, o, u".