Jinsi ya kuandika tangazo la tabianchi bila kutia chumvi

Juzi nilikaa na binti mmoja wa kikundi cha mazingira hapa Sahare, Tanga, kaandika tangazo la kubandika pale wanaposhushia samaki: "BAHARI INATUMEZA, IMEBAKI MIAKA 12!!!" Wazee wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) walisoma wakaondoka zao, mmoja akamwambia, "Mwanangu, hilo ni bamvua tu," yaani yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Ikabidi tuandike upya, na hivi ndo tulivyofanya.

Hatua ya 1. Toa herufi kubwa na alama za mshangao. Zote.

Hatua ya 2. Andika kwenye karatasi, sio simu, simu inakupitisha haraka. Pigia mstari kila neno la kutisha (kumeza, kuangamia, kiama) halafu jiulize nani kapima.

Hatua ya 3. Hapa ndo pana kazi, mi niliwahi kumaliza mchana mzima kwa namba moja. Kila namba irudishie "kama" yake. Ile miaka 12 watu waliitoa kwenye ripoti ya 2018 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, na ripoti haikusema dunia inaisha 2030, ilisema kama tunataka ongezeko la joto la dunia lisipite nyuzi 1.5 basi hewa ukaa tunayotoa ishuke karibu asilimia 45 ifikapo 2030 ukilinganisha na 2010. Ukiifuta ile "kama", 2030 ikifika na dunia ipo, nani atakusikiliza tena? Bahari nayo hivyohivyo, kati ya 2006 na 2018 ilipanda milimita 3.7 kwa mwaka, na huo ni wastani wa dunia sio kipimo cha Sahare. Mvuvi anaona maji yakijaa na kupwa kwa mita kadhaa kila siku, milimita hazimshtui, kwahiyo mweleze kwamba zinajumlishana na bamvua la miaka ijayo litaanzia juu zaidi. Hapo anakuelewa. Na sababu usizichanganye: kisiwa cha Maziwe kule Pangani kilikuwa na miti, sasa ni mchanga unaofunikwa maji yakijaa, lakini ukataji miti nao unatajwa, usiitupie tabianchi yote.

Hatua ya 4. Msomee mzee mmoja kabla hujabandika.

La kwetu likawa hivi: "Bahari inapanda kidogokidogo kila mwaka. Mikoko inavunja nguvu ya mawimbi, tusiikate. Kikao Jumamosi baada ya swala ya alasiri, hapahapa bandani."