Kuingiza GNOME mpya Debian bila kukwamisha vifurushi vya wengine

GNOME, eneokazi linalotumika kwenye Debian (mfumo endeshi wa Linux), hutoka mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na kila toleo huja na maktaba yake ya mutter (programu inayosimamia madirisha): GNOME 46 ilikuja na libmutter-14, 47 na libmutter-15, 48 na libmutter-16. Jina la maktaba likibadilika, kila kinachoitegemea lazima kijengwe upya. GNOME yenyewe huwa tayari mapema. Kinachochelewesha ni vitu vilivyojishikiza kwake, hasa viendelezi (programu ndogo za nyongeza) vya gnome-shell, sehemu ya GNOME anayoiona mtumiaji.

Usingoje toleo kamili. Beta, yaani toleo la majaribio, ikitoka, ipakie experimental (ghala la majaribio la Debian) kwa nambari kama 48~beta-1. Alama ya ~ huhakikisha 48 kamili itahesabiwa kuwa mpya zaidi. Fuata mnyororo wa utegemezi: glib2.0 na gsettings-desktop-schemas, kisha gtk4, libadwaita-1 na gnome-desktop, halafu mutter, ndipo gnome-shell. Kwa kuwa libmutter-16-0 ni jina geni kwenye ghala, mutter itapita foleni ya NEW, inayokaguliwa na watu wala haina muda maalumu. Huko hupakiwa pamoja na baineri (programu iliyokwisha kujengwa), na baineri zilizojengwa kwenye kompyuta ya msimamizi wa kifurushi haziruhusiwi kuingia testing, ghala linaloandaliwa kuwa toleo lijalo la Debian. Kwa hiyo ukifika zamu ya unstable (ghala ambalo vifurushi hupitia kabla ya testing), pakia msimbo chanzo peke yake, mashine za Debian zijenge.

Wakati foleni inasogea, tafuta nani ataguswa:

    build-rdeps libmutter-15-dev
    apt-cache rdepends gnome-shell

Amri ya pili ndiyo itakayokupa kazi. Viendelezi vingi huweka kikomo kama gnome-shell (<< 48~), yaani chini ya 48, na faili ya metadata.json hutaja matoleo vinayoyakubali. Kuongeza nambari humo bila kujaribu ni kujidanganya: GNOME 45 ilipohamia moduli za ES (mfumo wa moduli wa JavaScript), viendelezi vyote vilihitaji kurekebishwa msimbo, na vilivyorekebishwa havikufanya kazi tena kwenye 44. Sakinisha kwenye mashine pepe, ingia kupitia gdm3 (skrini ya kuingilia) kwa akaunti mpya na kwa akaunti ya zamani yenye mipangilio yake, kisha:

    gsettings get org.gnome.shell disable-extension-version-validation
    gnome-extensions list --enabled
    journalctl --user -b

Jibu la kwanza liwe false. Likiwa true, gnome-shell haikagui toleo, nawe utapitisha kiendelezi ambacho kwa mtumiaji kitakataa kuwaka.

Kwa kila kiendelezi kilichovunjika, fungua ripoti ya hitilafu ya uzito wa important, uambatishe kiraka (marekebisho ya msimbo) ukiwa nacho, na useme wazi kwamba itapandishwa kuwa serious (uzito unaozuia kifurushi kuingia testing) GNOME ikiingia unstable. Msimamizi aliyepewa wiki kadhaa hana sababu ya kulalamika. Kisha endesha reportbug release.debian.org, chagua transition (mabadiliko yanayogusa vifurushi vingi kwa pamoja), eleza vifurushi vinavyoguswa na hali ya kila kimoja, na usipakie kitu hadi timu ya matoleo ikuruhusu.

Ukiruhusiwa, pakia vyote kwa mpigo. Vilivyohitaji kujengwa upya tu huombewa binNMU (kujengwa upya bila kubadili chanzo), lakini binNMU haigusi vifurushi vya usanifu wa all (visivyotegemea aina ya kichakataji), na viendelezi vingi viko humo. Hivyo vinahitaji kupakiwa chanzo upya. Kwa uharaka wa medium, kifurushi husubiri siku 5 kabla ya kuhamia testing. Zikipita na gnome-shell bado imesimama, soma ukurasa wa excuses, unaoeleza kwa nini kifurushi hakijahamia: mara nyingi ni kiendelezi kimoja chenye kikomo cha zamani, ambacho kisingeweza kusakinishwa tena testing. Fanya NMU (kupakia marekebisho ya kifurushi kisicho chako), au omba kiondolewe testing kwa muda. Eneokazi zima halisubiri kiendelezi kimoja.

Kalenda nayo haina huruma. Kuelekea Debian 13, mlango wa mabadiliko ya namna hii ulifungwa 15 Machi 2025, siku 4 kabla ya GNOME 48 kutoka, na bado Debian 13 ina GNOME 48. Debian 11 ilitoka Agosti 2021 ikiwa na 3.38, ingawa GNOME 40 ilikuwapo tangu Machi.