Mhusika mwenye imani mpe jambo linalomgharimu

Ukiandika hadithi inayotokana na imani yako, usimpe mhusika mahubiri. Mpe nadhiri. Mama aliapa kufunga siku tatu mwanawe akipona. Mtoto kapona kweli, na siku ya pili mkwewe anamwandalia chakula cha heshima. Hapo hadithi imeanza. Onyesha anavyolisogeza tonge ukingoni mwa sahani huku akitafuta la kusema. Muujiza, kama ni lazima uwepo, uje mapema uzue matatizo. Ukija mwishoni kuyatatua, msomaji ataona umempiga kamba. Asiyeamini naye mpe hoja nzito, zile zinazokunyima usingizi wewe mwenyewe. Rasimu ya kwanza iandike kwa jazba, hata ikifurika. Mahubiri yaliyopenya utayafyeka ukiirudia, na mara nyingi utayakuta yamejificha kwenye mazungumzo.