Namna ya kuzitenga kemikali za plastiki na chakula kwa ajili ya afya ya moyo

Nyumbani kwetu Wete, kisiwani Pemba, wali ulipokaribia kukauka maji ulikuwa ukifunikwa kwanza kwa mfuko wa nailoni, kisha kwa kifuniko, na juu yake pakawekwa kitu kizito ili mvuke usipotee. Wali ulipoiva, nailoni ilitoka imenywea na kunata ukingoni mwa sufuria, na hakuna aliyeuliza kilichotoka humo kimekwenda wapi. Nimeanza na sufuria hiyo kwa sababu joto, mafuta na ukali wa ndimu au siki ndivyo vinavyozichomoa kemikali katika plastiki kwa wepesi zaidi, na anayetaka kuulinda moyo wake hana haja ya kutupa kila chombo cha plastiki alichonacho, bali avitenge vitu hivyo vitatu na plastiki.

Kemikali zinazotajwa zaidi ni mbili. Ya kwanza ni bisfenoli A, inayotumika kutengenezea polikaboneti, yaani plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, pamoja na utando unaopakwa ndani ya makopo ya bati ya vyakula na vinywaji. Ya pili ni thalati, ambazo ni jamii ya kemikali za kulainishia plastiki aina ya PVC, kama ile ya mipira ya maji na ya vitambaa vya meza vya plastiki. Thalati hazikufungwa imara ndani ya plastiki, hivyo huvuja kidogo kidogo. Kemikali zote mbili zikiingia mwilini huvuruga kazi za homoni, na zimehusishwa na ukinzani wa insulini (mwili kutoitikia vyema homoni inayodhibiti sukari), uvimbe wa ndani kwa ndani na kudhoofika kwa utando wa ndani wa mishipa ya damu, mambo ambayo ndiyo yanayoandaa njia ya presha na maradhi ya moyo.

Mwaka 2008 watafiti waliochunguza mikojo ya watu wazima Marekani waliona kwamba wenye bisfenoli A nyingi zaidi ndio waliokuwa na maradhi ya moyo na kisukari kwa wingi zaidi. Huko Korea Kusini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu 60 wenye umri wa miaka 60 na zaidi walipewa maziwa ya soya, siku moja yakiwa katika makopo na siku nyingine katika chupa za kioo, na presha yao ya juu ilionekana kuwa kubwa zaidi kwa kiasi cha milimita 4.5 za zebaki baada ya kunywa ya makopo. Mwaka 2024 madaktari wa Italia walieleza kwamba kati ya wagonjwa 257 waliosafishwa mishipa ya shingo na kufuatiliwa, zaidi ya nusu walikuwa na chembe ndogo za polithini, yaani plastiki ya mifuko tunayoiita nailoni, ndani ya mafuta yaliyoganda mishipani, na hao walipatwa na shambulio la moyo, kiharusi au kifo kwa kiwango cha takriban mara nne na nusu ya wengine. Habari hizi zinaonyesha uhusiano, si uthibitisho kwamba plastiki ndiyo iliyowaua, lakini kwangu mimi zinatosha kunifanya nibadilishe chombo.

Anza na vya moto. Wali ufunikwe kwa jani la mgomba au kitambaa safi, au upaliwe makaa juu ya kifuniko kama walivyofanya bibi zetu. Ukienda kununua urojo, chukua bakuli lako la bati au la udongo, kwa kuwa urojo una yote matatu kwa pamoja, moto, ukali na mafuta ya bajia na kachori, nao hutiwa katika kifuko chembamba na kufungwa fundo ungali unafuka. Kwa haki, mfuko wa polithini kwa kawaida hautengenezwi kwa bisfenoli. Tatizo ni kwamba mnunuzi hajui umetengenezwa kwa masalia gani ya plastiki wala una rangi gani ndani yake. Uji wa futari unaopelekwa kwa jirani usitiwe katika kopo la aiskrimu ukiwa wa moto. Tumia birika au chupa ya chai yenye kioo ndani.

Achari hukaa miezi ndani ya siki na chumvi, kwa hiyo iwekwe katika chupa ya kioo. Samaki na maharage ya kopo vipungue, jambo ambalo kwa mtu wa visiwani si gumu, maana samaki wabichi wako sokoni.

Kuhusu maji, chupa zisianikwe juani mbele ya duka wala kuachwa ndani ya gari, na mpira wa maji uliolala juani umwagwe maji yake ya kwanza yaliyopata moto kabla ya kujaza chombo cha kunywea. Mtungi wa udongo wenye kata yake bado ni chombo bora. Chini ya chombo kuna namba ndani ya pembetatu: namba 3 ni PVC, na 7 ni kundi la plastiki nyinginezo, ambamo polikaboneti nayo imo, hivyo viwili visitiwe chakula cha moto.

Matokeo huonekana upesi, kwani bisfenoli hutoka kwa mkojo ndani ya saa chache. Familia 5 za Marekani zilipokula kwa siku 3 chakula kibichi kisichopitia makopo wala plastiki, bisfenoli katika mikojo yao ilipungua kwa asilimia 66. Hata hivyo, mwenye presha asiache dawa zake kwa kutegemea bakuli la udongo, na anayevuta sigara aanze na sigara kabla ya kuhangaika na makopo.

Vyombo ulivyovitoa jikoni vifae kwa kuhifadhia mchele mkavu au vibanio vya nguo. Visichomwe, na wala nailoni isitumike kuwashia jiko, kwa kuwa moshi wake huingia moja kwa moja mapafuni. Makumbi na vifuu vya nazi vinawaka vizuri zaidi.