Kuimarisha gridi ibebe jua na upepo wa kanda ya kati: kazi ianzie wapi

Ukifika Zuzu, pembezoni mwa jiji la Dodoma, utakikuta kituo cha kupoza umeme ambako njia inayotoka Iringa hupokelewa kabla ya kuendelea Singida. Anayetaka gridi ya taifa ibebe umeme mwingi zaidi wa jua na upepo aanzie mahali kama hapo, asianzie kwenye paneli. Paneli hufungwa kwa miezi, ilhali njia ya msongo mkubwa, pamoja na upimaji na fidia ya mashamba inayopita, huchukua miaka.

Kwanza, chora mzigo wa kila kituo saa kwa saa, kwa mwaka mzima. Wastani wa siku hudanganya. Dodoma jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati ule ule watu wanaporejea nyumbani, taa zikawashwa na pasi zikachomekwa. Aliyesoma wastani ataamini kuwa jua linatosha, kumbe saa mbili usiku halina hata wati moja la kutoa.

Kisha angalia msongo. Njia ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, yenye kilomita zipatazo 670, ilijengwa kwa kiwango cha kilovoti 400 ingawa ilianza kazi kwa kilovoti 220. Megawati 100 zikipita kwa kilovoti 220 huhitaji mkondo wa ampea 262 hivi; kwa kilovoti 400, ampea 144. Kwa kuwa umeme unaopotea kama joto hukua kwa mraba wa mkondo, upotevu hushuka hadi takribani asilimia 30 ya ule wa awali, kwenye waya ule ule. Basi kabla ya kuomba njia mpya, hakikisha transfoma na swichi za vituo vya njia iliyopo zinauruhusu msongo ambao nguzo zake zilijengewa.

Hatua ya tatu ni akiba, na hapa sikubaliani na wanaokimbilia betri. Betri ni nzuri kwa kuziba pengo la dakika au saa chache. Akiba ya usiku mzima tunayo tayari katika maji. Maji ya mto Ruaha Mkuu huzungusha mitambo ya Mtera, megawati 80, kisha ya Kidatu, megawati 204, halafu huingia Rufiji na kufika bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Jua la mchana likiwaka, mitambo ya maji ipunguzwe, likizama, ifunguliwe. Ila mtu asiichukulie Mtera kama swichi ya kuwasha na kuzima, kwani maji yake hayafiki Kidatu papo hapo: Mtera ni akiba ya msimu, na marekebisho ya kila siku yafanywe kwa mabwawa ya chini. Mvua zikijaza mabwawa hadi yanafunguliwa milango, hila hii haifanyi kazi, maana maji yasiyopitishwa kwenye mitambo humwagika bure, na ni heri kupanga matengenezo ya mitambo ya jua miezi hiyo.

Masafa nayo, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, yalindwe yabaki hezi 50. Rota, yaani sehemu nzito zinazozunguka ndani ya mitambo ya maji, hukataa kupungua mwendo ghafla. Inveta ya jua, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa aina ya gridi, haina uzito huo. Wingu zito likifunika shamba la paneli, masafa huanza kushuka, na inveta zote zikiwa zimepangwa kujizima kwa mshuko mdogo, zitajitoa kwa pamoja na kuuongeza ule ule upungufu. Masharti ya kuunganishwa yazitake zivumilie, na mitambo kadhaa mizito ibaki ikizunguka hata mchana wa jua kali.

Mwisho ni mtaani, mahali panaposahauliwa mno. Fundi achukue kipimo aende nyumba ya mwisho kwenye laini, apime saa sita mchana na saa mbili usiku. Akisoma volti 250 mchana, paneli za juu ya mapaa zikiwa zinasukuma, na volti 200 usiku, kurekebisha transfoma pekee hakutamsaidia, maana akishusha ya mchana ameizamisha ya usiku. Hapo laini ifupishwe kwa kuongeza transfoma nyingine, au waya mwembamba ubadilishwe, ndipo maombi mapya ya paneli za mapaa yakubaliwe.